Travail, trabajo, trabalho: ni kweli kazi ilizaliwa na chombo cha mateso?

Kaa na mtu aliyesomea Kifaransa, awe wa Lubumbashi au wa Bujumbura, umlalamikie kuhusu kazi siku ya Jumatatu. Huenda akakwambia: "Unashangaa nini? Neno travail lenyewe ni mateso. Linatokana na tripalium, miti mitatu ambayo Warumi waliwafungia watumwa wao." Travail ni kazi kwa Kifaransa, kama ilivyo trabajo kwa Kihispania na trabalho kwa Kireno. Mtacheka, na wewe utakwenda kumsimulia mwingine. Hata wanasiasa na wakufunzi wa masuala ya ajira huko Ufaransa hawachoki kukisimulia kisa hicho. Kwa kuwa kimechanganyika na kweli kidogo, si rahisi kukikanusha kwa neno moja.

Dhana: Warumi waliita kazi kwa jina la chombo cha mateso.

Hapana. Mrumi alikuwa na labor kwa kazi ya kutoa jasho, na opus na opera kwa kazi inayozaa kitu. Tripalium ni muungano wa tres, tatu, na palus, mti uliochongwa ncha. Ushahidi unaotajwa zaidi wa matumizi yake kama chombo cha mateso hautoki kwa Warumi wa enzi ya makaisari. Unatoka sinodi ya Auxerre, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 6, wakati dola ya Rumi ya magharibi imeshaanguka tangu mwaka 476. Sinodi hiyo ilikataza padre au shemasi kusimama penye trepalium (ndivyo tripalium ilivyoandikwa humo) wakati washtakiwa wanateswa. Amri yenyewe inahusu mwenendo wa makasisi. Haizungumzii watumwa wala kazi yao.

Dhana: Njia kutoka tripalium hadi travail imeshathibitishwa.

Kati ya hayo mawili kuna kitenzi, tripaliare, yaani kutesa kwa miti hiyo. Kitenzi hicho hakijaonekana katika andiko lolote la kale. Wanaisimu wamekiunda upya kwa kurudi nyuma kutoka lugha zilizozaliwa na Kilatini, na ndiyo maana kwenye kamusi hutanguliwa na kinyota: alama ya kwamba neno limekisiwa, halijasomwa mahali. Makisio haya si ya ovyo. Kikatalani husema treball, na Kihispania cha kale kilikuwa na trebajo, kwa hiyo ile "e" ya trepalium inaonekana kabisa. Lakini wapo wanaolipeleka neno kwenye trabs, yaani boriti. Kifaransa nacho kina travail nyingine, fremu ya mbao ambayo mhunzi humfungia farasi ili amvalishe vyuma vya kwato. Wingi wake ni travails, ilhali wingi wa kazi ni travaux. Mimi bado naiona tripalium kuwa na nguvu kuliko washindani wake, ila sioni sababu ya kuapa.

Dhana: Travail ilimaanisha kazi tangu mwanzo.

Hapa ndipo kisa kina utamu, na ndipo msimulizi wa Jumatatu anapokaribia kuwa sahihi. Katika Kifaransa cha kale travail ilikuwa tabu, mateso, uchovu. Mwanamke aliyeshikwa na utungu alikuwa katika travail, na hadi leo chumba cha kusubiria kujifungua huitwa salle de travail. Waingereza walilichukua neno wakalifanya travel, safari, kwa sababu safari za zama zile zilikuwa mateso kweli. Visiwa vya Karibi, anayesema kwa Kihispania pasar trabajo hasemi amekwenda kazini; anasema ametaabika.

Kufanya kazi kwa Kifaransa kulikuwa ouvrer, kutoka operari ya Kilatini. Tatizo la kitenzi hiki ni kwamba katika unyambuaji kiligongana na ouvrir, kufungua: j'ouvre, nafanya kazi au nafungua? Kufika karne ya 16 travailler ilikuwa imekisukuma pembeni. Kimebaki na watoto wachache, kama ouvrier, mfanyakazi, na jour ouvrable, siku ya kazi. Wafaransa wengi wenyewe hudhani hiyo ni siku ambayo maduka yamefunguliwa! Labourer, kitenzi kingine kilichotokana na labor, nayo ilirudi shambani. Leo ni kulima kwa plau tu.

Dhana: Lugha zote zilizozaliwa na Kilatini zinatumia neno hili kwa kazi.

Italia imegoma. Huko travaglio ni utungu na dhiki, na kazi ni lavoro, mtoto wa labor. Katiba yao ya mwaka 1948 inaanza kwa kusema jamhuri imejengwa juu ya lavoro. Ukishuka Sicily, hata hivyo, utasikia travagghiu, kazi ya kawaida ya kila siku. Waromania wana muncă, waliyoitwaa kwa Waslavi, na kwa Waslavi chimbuko lake lilimaanisha mateso. Yaani walifika palepale bila kupitia miti mitatu. Arbeit ya Wajerumani pia iliwahi kuwa tabu, na ponos ya Kigiriki ilibeba kazi na maumivu pamoja. Hawa wote hawakuhitaji chombo cha mateso. Jasho lenyewe lilitosha.

Na sisi? Tukisema "kazi ipo" au "una kazi", mara nyingi hatuzungumzii ajira. Kisha kuna leba, tuliyoipata kwa Waingereza, wao wakaipata kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa labor ile ile ya Kilatini. Katika habari za London, Leba ni chama cha siasa. Hospitalini, ukiambiwa shemeji yuko leba, hutauliza analipwa shilingi ngapi.