Volti 12 kwa Nyumba Nzima: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Vifaa vingi vya nyumba janja (yenye vifaa vinavyojiendesha au kuendeshwa kwa mtandao) hutumia volti 12, kwa hiyo chanzo kimoja cha volti 12 kinaitosha nyumba nzima.

Ukweli: Chanzo kinaweza kutosha kwa wati kikashindwa kwa umbali. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ukivutwa mita 20 hadi kwenye taa za utepe sebuleni, una ukinzani wa omu 0.47 hivi ukihesabu kwenda na kurudi (na huo wa kurudi ndio unaosahaulika sana). Ampea 5 zikipita humo, volti 2.3 hupotea njiani, na taa zilizotengenezwa kwa volti 12 hupata pungufu ya 10, zikafifia. Mzigo uleule wa wati 60 ukilishwa kwa volti 24 huvuta ampea 2.5 tu, upotevu hushuka hadi volti 1.2, yaani chini ya asilimia 5, na joto linalopotea kwenye waya huwa robo ya lile la kwanza. Ndiyo maana ni heri kusafirisha volti 24 au 48, kisha kuzishusha kwa kigeuzi kidogo karibu na kifaa.

Dhana: Betri ya volti 12 inaweza kuunganishwa moja kwa moja na ruta ya volti 12.

Ukweli: Volti 12 za betri ni za jina tu. Ya risasi hushuka hadi 10.5 inapokaribia kuisha, na ya lithiamu ya fosfeti ya chuma hufika 14.4 inapochajiwa. Weka katikati kigeuzi kinachoweza kupandisha na kushusha.

Dhana: Umeme mdogo hauna hatari, kwa hiyo fyuzi ni gharama ya bure.

Ukweli: Hatari yake kubwa ni moto. Betri ya ampea-saa 100 ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea, na waya mwembamba huyeyusha plastiki yake mara moja. Kila tawi liwe na fyuzi yake, jirani na chanzo, iliyochaguliwa kwa unene wa waya. Swichi nayo iwe imeandikiwa kiwango cha DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), kwa sababu mkondo wa umeme wa gridi wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na kuizima cheche, ilhali wa DC haupiti kabisa.

Dhana: Kuondoa adapta zote kutapunguza sana matumizi ya umeme.

Ukweli: Kanuni za Umoja wa Ulaya zinazotumika tangu Aprili 2020 haziruhusu adapta ndogo kula zaidi ya wati 0.1 inapokuwa haina mzigo, sawa na pungufu ya yuniti moja kwa mwaka. Faida halisi ya chanzo kimoja, hasa panapokatikakatika umeme, ni betri moja kuhudumia ruta, kamera na sensa (vihisi) bila inveta. Chanzo cha wati 500 kinacholisha sensa za wati 20 usiku kucha kinaweza hata kupoteza zaidi ya adapta zilizoondolewa.