Maumivu ya tumbo yana saa yake: maswali na majibu kuhusu homoni za mmeng'enyo

Huku Mbeya ukisema tumbo linauma, jirani atakwambia ni vidonda vya tumbo, kisha atakutajia dawa. Mimi ni mhudumu wa afya, na kabla ya hayo yote natamani mgonjwa aulizwe: linauma muda gani baada ya kula, na ulikula nini? Tumbo hufanya kazi kwa zamu, na zamu hizo hupangwa na homoni, yaani kemikali za mwili zinazobeba ujumbe kupitia damu. Maswali yafuatayo huulizwa sana na watu wa hapa mjini, Tukuyu, Mafinga na Njombe.

Nani huliambia tumbo kwamba chakula kinakuja?

Ubongo ndio wa kwanza. Maharage yakiungwa jikoni, harufu tu inatosha: mate yanajaa mdomoni, na kupitia neva ya vagasi taarifa inafika tumboni, asidi ikaanza kutoka kabla hujanawa mikono. Chakula kikishafika, hasa chenye protini, seli za sehemu ya chini ya mfuko wa tumbo humwaga kwenye damu homoni iitwayo gastrini. Damu huizungusha na kuirudisha tumboni kulekule, ikaongeza asidi na kuitia nguvu misuli inayosaga. Asidi ikishakuwa kali vya kutosha, gastrini hupunguzwa.

Kisha chakula kilicholowa asidi huingia utumbo mwembamba, ambao hauna kinga kubwa dhidi ya ukali huo. Hapo hutoka sekretini, inayoliamuru kongosho limwage majimaji yenye bikaboneti ya kuzimua asidi. Hii ndiyo homoni ya kwanza kabisa kugunduliwa. Mwaka 1902 huko London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zote za kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia asidi ndani yake, na kongosho bado likatoa majimaji. Neva hazikuwepo, kwa hiyo ujumbe ulikuwa umepita kwenye damu. Mimi huwa nawasimulia wanafunzi jaribio hili kila ninapopata nafasi, kwa sababu elimu yote ya homoni ilianzia hapo, kwenye utumbo.

Nikila parachichi na viazi asubuhi nashinda hadi mchana. Nikinywa chai ya sukari na mkate mweupe, saa nne nina njaa. Kwa nini?

Mafuta na protini vikigusa ukuta wa utumbo mwembamba, hutoka homoni iitwayo kolesistokinini. Hiyo hufanya mambo matatu kwa pamoja: huubana mfuko wa nyongo ili nyongo imwagike na kuyavunja mafuta, huliambia kongosho litoe vimeng'enya, na hulichelewesha tumbo lisiachie chakula upesi. Tena huufikishia ubongo habari ya shibe. Parachichi letu la Njombe na Rungwe lina mafuta mengi, basi linaiita homoni hii kwa wingi. Chai ya sukari na mkate mweupe hupita haraka, na grelini, homoni ya njaa inayotoka tumboni, inarudi kupanda mapema.

Habari ya shibe huchukua muda kufika. Anayemaliza sahani ya wali kwa dakika tano anakuwa ameshaongeza nyingine kabla ubongo haujaambiwa kitu. Kuleni taratibu, jamani.

Mama yangu akila kitimoto au chipsi, anabanwa na maumivu chini ya mbavu za kulia hadi begani. Dawa za vidonda hazimsaidii.

Shikamoo yangu umfikishie, na umpeleke akapimwe mawe kwenye mfuko wa nyongo. Mafuta yakifika utumboni, kolesistokinini inaubana mfuko ule. Kama kuna jiwe limekaa mlangoni, mfuko unajikamua bila njia ya kutokea, na ndiyo maana maumivu yanakuja baada ya chakula cha mafuta, mara nyingi usiku, yakakaza kwa saa nzima au zaidi kabla ya kuachia.

Kipimo chake ni ultrasaundi, na ataambiwa asile kwa saa 6 hadi 8. Wengi huona ni usumbufu, wanakunywa chai ya maziwa njiani. Maziwa yale yanaubana mfuko wa nyongo, unasinyaa, na mpimaji haoni vizuri kilichomo. Kama macho yake yamekuwa ya manjano, au ana homa na kutetemeka, msisubiri miadi. Mpelekeni siku hiyohiyo.

Mbona tumbo linanguruma nikiwa na njaa?

Ni usafi. Tumbo likiwa tupu, homoni ya motilini husaidia kuanzisha mawimbi ya misuli, takribani kila dakika 90 hadi 120, yanayosukuma mabaki na bakteria kuelekea chini. Ukila, yanakoma. Si ugonjwa.

Mtoto akiharisha anakauka upesi sana. Maji yote yale yanatoka wapi?

Yanatoka mwilini mwake mwenyewe. Kwa mtu mzima, mate, majimaji ya tumbo, nyongo, ya kongosho na ya utumbo, pamoja na anachokunywa, hufika lita 8 hadi 9 kwa siku. Karibu yote hufyonzwa tena, na kwenye choo cha kawaida hutoka kama mililita 100 hadi 200 tu. Sumu ya kipindupindu huulazimisha utumbo kumwaga chumvi na maji bila kukoma. Ila njia inayofyonza sukari pamoja na chumvi hubaki nzima, na hapo ndipo inapopitia ORS, ile dawa ya unga yenye sukari na chumvi ya kuchanganya na maji. Pakiti ya lita moja changanya na lita moja kamili ya maji safi na salama, si kikombe. Mtoto apewe pia zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma.

Nina vidonda vya tumbo na naambiwa ninywe maziwa. Yanaponya?

Hayaponyi. Kwa dakika chache maziwa hupoza asidi, kisha protini na kalsiamu yake huamsha gastrini, na asidi inarudi. Nasema hivi nikijua Tukuyu ni nchi ya ng'ombe wa maziwa. Yanyweni kama chakula.

Vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ugunduzi uliowapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyu anaweza kuiharibu breki ya gastrini, asidi ikatoka kupita kiasi na kuunguza mwanzo wa utumbo mwembamba. Kidonda cha huko mara nyingi huuma saa 2 au 3 baada ya kula, au usiku wa manane, na ukila kinatulia. Cha ndani ya tumbo huelekea kuuma mapema baada ya kula. Saa peke yake haitoshi kuthibitisha, lakini humsaidia daktari kujua pa kuanzia.

Chanzo kingine ni dawa za maumivu. Mkulima ameshinda akilima viazi, mgongo unamuuma, ananunua diklofenaki kila jioni na kuimeza tumbo likiwa tupu. Dawa hizo hupunguza ute na bikaboneti vinavyoukinga ukuta wa tumbo, na kidonda kinaweza kuvuja damu bila kuuma. Choo cheusi kinachong'aa kama lami, au matapishi yenye damu, ni dharura.

Ukienda kupima bakteria huyo kwa kinyesi au kwa pumzi, mwambie mhudumu kama unameza omeprazole, dawa ya kupunguza asidi. Inatakiwa iachwe wiki 2 kabla, na antibiotiki wiki 4, la sivyo kipimo kinaweza kusema huna naye kumbe unaye.