Jarida la picha, mwaka mzima? Dhana potofu tunazozisikia Bagamoyo

Mashua zikiingia soko la samaki la Bagamoyo asubuhi, hukosi kuona vijana watatu wanne wenye kamera shingoni. Wengine wanasoma TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, wengine wanapiga harusi mwisho wa wiki, na wengine, kama mimi, ni mapenzi tu. Ubishi mmoja haukauki pale: kuna faida gani kulipia usajili wa mwaka mzima wa jarida la upigaji picha la nje? Majibu mengi yamekaa upande.

Dhana: "Kaka, majarida yamekufa, kila kitu kipo YouTube bure."

Ukweli: Yapo yaliyokufa. Popular Photography la Marekani lilianza 1937 na kuacha kuchapwa kwenye karatasi 2017. Lakini Amateur Photographer la Uingereza, lililozaliwa 1884, limevuka vita vyote viwili vya dunia na ujio wa kamera za dijitali. Kilichokwisha hasa ni jarida kama chanzo cha habari za kamera mpya. Likifika mkononi mwako, kamera hiyo imeshachambuliwa mtandaoni mpaka watu wamechoka. Ukitaka habari hizo tu, hela yako iache mfukoni. Ila hilo neno "bure" nalo lina walakini. Anayenunua bando la siku anajua video ya dakika 20, ambayo 12 ni salamu na matangazo, imemgharimu kiasi gani.

Dhana: "Nikifuata maelekezo yao, picha zitatoka kama zao."

Ukweli: Hapa ndipo wengi tunapoumia. Mwandishi wa London anakuambia saa ya dhahabu, ule mwanga laini jua likiwa chini, haina haraka: funga tripodi, badili lenzi, tulia. Kwake ni kweli. Mwezi wa Machi au Septemba, jua la London hupanda kwa mshazari, nyuzi 9 hivi kwa saa. La Bagamoyo linatoka baharini na kupanda karibu wima, nyuzi 15 hivi kwa saa, na mwanga ule laini unaisha upesi. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda magofu ya Kaole na maelekezo hayo kichwani. Nilipomaliza kuhangaika na tripodi, makaburi yalikuwa meusi upande mmoja na upande wa pili yameungua kwa weupe. Na misimu je? Oktoba watakufundisha kupiga misitu inayopukutisha majani mekundu, wakati sisi tunangoja mvua za vuli. Desemba ni theluji.

Lakini ukurasa unaoeleza kwa nini jambo linatokea hauna nchi. Nilisoma mara moja kwamba kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Hujaribu kuifanya picha yote iwe na wastani wa kijivu. Papo hapo nikaelewa kwa nini bwana harusi wa kanzu nyeupe alikuwa akinitokea uso wa giza. Kamera iliona weupe mwingi, ikapunguza mwanga. Siku hizi nauongeza kwa mkono kabla hajakaa kitini. Ukurasa ule mmoja ulirudisha bei ya nakala yote.

Dhana: "Uchambuzi wao wa lenzi umenunuliwa na watengenezaji."

Ukweli: Matangazo yanawalipa, hilo halifichiki. Hata wenye chaneli za video hupewa kamera za kujaribu. Soma kasoro zilizotajwa, nyota ziruke.

Dhana: "Toleo la simu na la karatasi ni kitu kimoja."

Ukweli: Picha iliyotandazwa kurasa mbili, kwenye simu inakuwa saizi ya stempu. Kwa Aperture, jarida la Marekani linalotoka mara nne kwa mwaka tangu 1952, ambalo picha na mpangilio wake ndio somo lenyewe, kulisomea simuni ni kupoteza nusu ya ulicholipia. Karatasi nayo ina yake: usafiri ghali, kusubiri kwenye sanduku la posta, kisha unyevu wa pwani uleule unaootesha kuvu kwenye lenzi. Uliza pia jambo moja kabla ya kulipa: ukiacha kulipia huduma ya mtandaoni, matoleo ya nyuma yanabaki kwako? Nyingine hufunga mlango siku hiyohiyo.

Dhana: "Nakala za zamani ni za kufungia karanga."

Ukweli: Kurasa za vifaa, ndiyo. Ila kanuni ya enzi za filamu, kwamba jua likiwaka vizuri weka tundu la lenzi f/16, na kasi ya shata iwe sekunde moja kugawanya kwa ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga (ISO 100 kwa 1/100 ya sekunde), inafanya kazi leo pale ufukweni kama ilivyofanya kwa babu zetu. Ukikuta nakala kuukuu, chukua.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye mapenzi tu: usianze na mwaka. Nunua toleo moja moja, mara tatu. Kama yote matatu umeyasoma mpaka mwisho, lipia, na siku hiyohiyo uzime kipengele cha kujirudia malipo. Mimi nilisahau, nikakatwa mwaka wa pili wa jarida ambalo nilikuwa nimeshaacha kulifungua. Sasa nalipia moja tu, la karatasi, tunachangia watu wanne. Toleo la mwisho liko kwa kijana wa studio wiki ya tatu hii, kila nikimdai ananiambia, "Kaka, bado niko kwenye picha ile ya mlangoni."