Mkopo wa Chuo Haulipi Chakula: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kutia Sahihi

Hapa Uganda, barua ya udahili wa chuo ikifika nyumbani, familia nyingi husoma mstari mmoja tu: ada ya masomo. Hapo ndipo mipango huanza kwenda mrama. Ofisini kwetu chuoni, tunakowasaidia wanafunzi, huja wa mwaka wa pili na wa tatu ambao ada yao imelipwa yote, lakini hawana pa kulala, au wameacha kuhudhuria vipindi kwa sababu mchana wanatafuta kibarua ili wapate kula. Wazazi wao walilipa walichoambiwa, ila hawakuambiwa yote.

Tuchukue mfano. Tuseme ada ya masomo ni shilingi 1,500,000 kwa muhula. Ongeza ada za huduma, yaani usajili, maktaba, mitihani, matibabu na chama cha wanafunzi: tuseme 400,000. Kitanda cha hosteli, 800,000. Chakula cha shilingi 7,000 kwa siku, katika muhula wa wiki 17, kinafika 833,000. Jumla ni 3,533,000, na bado hujahesabu nauli kutoka miji ya mbali kama Arua au Kisoro, bando la intaneti na kuchapisha kazi za darasani. Ada ya masomo haikufika hata nusu. Badilisha tarakimu kulingana na chuo chenu, lakini usifute mstari wowote.

Ukishapata jumla hiyo, kila fedha unayoahidiwa iulize swali moja: hailipi nini?

Ufadhili wa serikali katika vyuo vikuu vya umma ndio unaobeba mengi. Nafasi ni karibu 4,000 kwa mwaka, nyingi zikiwa za masomo ya sayansi, na mbali na ada, husaidia pia katika malazi na chakula. Wengi huzipata kwa alama za mtihani wa kidato cha sita wakishindana nchi nzima. Hata hivyo, kuna sehemu inayotengwa kwa wilaya, ambapo mtoto wa Koboko hushindana na wenzake wa Koboko, si na wa shule kubwa za Kampala. Zipo pia nafasi za wanamichezo na za watu wenye ulemavu. Inaniuma kuona mzazi wa wilaya ya mbali akikata tamaa kabla fomu haijajazwa. Ijazeni, na wilaya ya asili iandikwe sawasawa.

Mkopo ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Hutolewa na Bodi ya Ufadhili wa Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Hulipia ada ya masomo, ada za huduma na gharama za utafiti, na kwa mwenye ulemavu hulipia vifaa saidizi. Fedha huenda moja kwa moja chuoni, mwanafunzi hazishiki. Chumba na chakula havimo. Rudi kwenye mfano wetu: mkopo ukilipa 1,900,000, familia inabaki na 1,633,000 kila muhula. Kwa kozi ya miaka mitatu, yaani mihula sita, hiyo ni 9,798,000. Kama hamna ng'ombe, shamba la kahawa au chama cha akiba cha kutegemea, pengo hilo lijadiliwe sasa, baba, mama na mjomba wakiwa wamekaa pamoja.

Mkopo huu ni wa raia wa Uganda pekee, na kwa kozi zilizoidhinishwa, hasa za sayansi na teknolojia. Ni deni. Mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, marejesho huanza, na aliyeajiriwa hukatwa kwenye mshahara. Kwa hiyo mjomba anayeombwa kuwa mdhamini asitie sahihi kwa heshima tu. Asomewe mkataba mzima, kwa lugha anayoielewa.

Wapo pia wafadhili wengine. Mpango wa ufadhili wa shirika la Mastercard Foundation katika Chuo Kikuu cha Makerere huwatafuta vijana wenye alama nzuri wanaotoka familia zisizo na uwezo. Ufadhili wowote utakaopata, uliza alama zikishuka mwaka wa kwanza itakuwaje.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha chuo na kozi yenyewe vimeidhinishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Katika vyuo vya umma, ada hulipwa kwa namba ya malipo, ile PRN ambayo mwanafunzi huitoa kwenye mfumo wa chuo, kisha mnakwenda nayo benki. Msimpe fedha taslimu mtu yeyote anayesema ana jamaa ndani ya chuo. Tumepokea watoto wenye stakabadhi bandia mkononi, na fedha za familia zimekwisha kupotea.

Fedha zikikatika katikati ya masomo, mwanafunzi asipotee kimyakimya. Aje ofisini mapema, na ikibidi amwandikie msajili kuomba kuahirisha masomo, ili asihesabiwe kuwa ameyaacha. Barua hiyo ifike kabla mitihani haijaanza, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa abaki nayo.