Ukuzaji wa namba kamili: "kamili" hiyo ni ya saa, si ya ukamilifu

Ukuzaji wa namba kamili ni kukuza picha kwa kuzidisha kila pikseli mara 2, 3, 4 na kuendelea, pasipo kubaki sehemu. Pikseli moja ya gemu inageuka boksi la pikseli 3 kwa 3 za skrini, au 5 kwa 5, na ukingo wa boksi hilo unaangukia pale pale panapoanza pikseli nyingine ya skrini. Maana yake ni hiyo tu.

Kinachosumbua ni mkia wa jina lenyewe. Maelekezo mengi ya kucheza magemu ya DOS (mfumo wa zamani wa kompyuta za PC) kwenye skrini ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160) siku hizi yanasema "washa ukuzaji kamili, picha itatoka sahihi." Wengine hulitumia jina hilo kwa picha inayojaza kioo chote. Wengine kwa picha yoyote yenye kingo kali isiyo na ukungu. Kingo kali utazipata, hilo halina ubishi. Lakini ukiikuza Doom ya mwaka 1993 namna hiyo, askari yule kwenye upau wa chini anakutazama na mashavu yaliyopanuka, kama aliyekandamizwa utosini.

Kamili tumelitoa katika Kiarabu, *kāmil*, na Kiswahili kimelipa kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ya kutopungukiwa: ukamilifu, mkamilifu, kazi iliyokamilika. Ya pili ni ya kutobakiza: saa mbili kamili, elfu tano kamili. Anayesema ni saa mbili kamili haisifii saa. Anasema hakuna dakika za ziada. Walimu wa hesabu walipotafuta jina la 3, 0 na hata −7, yaani namba zisizo na sehemu, walichukua kamili ya pili. Kiingereza nacho kimeangukia shimo hilo hilo. *Integer* ni neno la Kilatini lililochukuliwa lilivyo, *in-* ya kukanusha ikiwa imeunganishwa na *tangere*, kugusa: kisichoguswa, kizima. Katika shina hilo hilo wakapata *integrity*, uadilifu. Kwa hiyo lugha zote mbili zina neno la hesabu lenye harufu ya sifa njema, na msomaji mwenye haraka hushika sifa akaacha hesabu.

Hesabu yenyewe haiahidi umbo. Inaahidi kwamba pikseli zote zitakuwa na ukubwa mmoja. Kama umbo la pikseli hizo lilikuwa limekosewa tangu mwanzo, kosa litazidishwa mara 5 kwa unadhifu mkubwa.

Na kwa magemu mengi ya DOS, limekosewa. Kadi ya michoro ya IBM iitwayo CGA, ya mwaka 1981, ilikuwa na hali ya pikseli 320 kwa 200. Kadi ya VGA ilipokuja mwaka 1987 ikaongeza rangi 256 kwenye kipimo hicho hicho, baiti moja kwa pikseli. Zidisha: 320 × 200 ni baiti 64,000. Segimenti moja, yaani kipande cha kumbukumbu ambacho programu iliweza kukifikia kwa mkupuo, kwenye kompyuta zile ilikuwa baiti 65,536, hivyo picha nzima iliingia ndani yake na mtunzi wa programu aliweza kuandika popote pale kwenye kioo bila kuhangaika na segimenti ya pili. Kwa 320 kwa 240 angehitaji baiti 76,800, zisingeingia. Ndiyo maana 320 kwa 200 ikatawala miaka yote ile, wala si kwa sababu mtu alipenda picha pana.

Sasa gawanya 320 kwa 200: unapata 1.6, yaani 8 kwa 5. Lakini monita zilikuwa za chogo, na kioo cha chogo kilikuwa 4 kwa 3. Kadi ilituma kila mstari mara mbili, mistari 400, na monita ikaitandaza juu hadi chini mpaka kioo kikajaa. Hakukuwa na pembezoni nyeusi za kuhifadhi 8 kwa 5. Matokeo yake kila pikseli ilisimama: kimo chake mara 1.2 ya upana wake. Wachoraji walikuwa wameketi mbele ya monita hizo hizo, wakachora wakitazama zilivyokuwa zinaonyesha. Aliyetaka duara la upana wa pikseli 100 alilichora na kimo cha pikseli 83 hivi, kwa sababu kioo kingemnyooshea. Lichukue duara hilo leo, likuze mara 5 kila upande, linatoka 500 kwa 415. Limelala.

Hapo utakutana na hoja kwamba pikseli ni kamraba, na kamraba hakanyooshwi. Neno pikseli halina mraba ndani yake. Ni *pix*, kifupi cha picha kilichopendwa na wahariri wa magazeti ya Marekani, pamoja na mwanzo wa neno la kipengele. Fred Billingsley wa maabara ya JPL ya NASA alilitumia katika maandishi mwaka 1965, alipokuwa akishughulika na picha za vyombo vya angani: kipengele cha picha, basi. Mwaka 1995 Alvy Ray Smith aliandika waraka mzima ambao kichwa chake tu kinakana kwamba pikseli ni mraba mdogo. Hoja yake ni kwamba pikseli ni sampuli iliyochukuliwa mahali fulani, na umbo inalipewa na kifaa kinachoionyesha. Chogo kiliionyesha kama doa laini la mwanga. Skrini bapa huionyesha kama kigae.

Twende kwenye vigae, maana wapenda namba kamili nao wana hoja yao, na ni ya kweli. Kwenye skrini ya 1920 kwa 1080, picha ya 4 kwa 3 inayojaza kimo ni 1440 kwa 1080. Mistari 200 ndani ya 1080 ni 5.4 kwa kila mstari. Skrini haina nusu kigae (yaani nusu pikseli yake yenyewe), kwa hiyo katika kila mistari mitano ya gemu, mitatu hupata unene wa 5 na miwili hupata 6. Safu za wima ni mbaya zaidi: 4.5, yaani 4, 5, 4, 5. Itazame herufi E ndogo kwa karibu: mkono mmoja umenenepa, mwingine umekonda. Picha ikianza kusogea, unene unahama kutoka mstari hadi mstari na kioo kizima kinaonekana kinachemka. Kuepuka hilo ndiyo sababu halali ya kutaka namba kamili.

(Si kila mtetemo ni kosa la ukuzaji, lakini. Hali ile ya VGA ilichora kioo upya mara 70 kwa sekunde. Kwenye skrini ya mara 60, picha kumi hupotea kila sekunde na mandhari husogea kwa kukwaruza. Hilo linatibiwa na skrini ambayo kasi yake ya kuchora upya inabadilika kulingana na gemu, wala halina uhusiano na vigae.)

Ila tazama 4K. Picha ya 4 kwa 3 hapo ni 2880 kwa 2160. Safu 320 ndani ya 2880 ni 9, bila baki. Mistari 200 ndani ya 2160 ni 10.8, yaani mistari minne yenye unene wa 11 na mmoja wa 10. Kigae kimoja katika kumi na kimoja. Ukiwa umekaa umbali wa kawaida, kukiona kunataka ukitafute. Umbo lililobonyea, kwa upande mwingine, linakosea kwa asilimia 20 kwenye 1080, kwenye 4K na kwenye 8K, sawasawa. Kadiri skrini zinavyozidi kuwa na pikseli nyingi, ndivyo namba kamili inavyopungua umuhimu, na uwiano haupungui hata chembe. Watu wanapigania kigae kimoja huku wakiacha kosa la asilimia 20 la umbo.

Isitoshe, ugomvi wenyewe hauna sababu. Namba kamili haidai kwamba iwe namba moja pande zote mbili. Kuza upana mara 5 na kimo mara 6: unapata 1600 kwa 1200, pikseli zote zinalingana, na umbo ni 4 kwa 3 barabara. Kwenye skrini ya 2560 kwa 1440 inaingia vizuri, ikiacha 120 juu na 120 chini. Kwenye 4K itaelea katikati ikiwa ndogo, na hatua inayofuata, 10 kwa 12, inataka kimo cha 2400 ambacho hakipo. Hapo chukua 8 kwa 10, yaani 2560 kwa 2000. Kwenye 1080 chukua 4 kwa 5, yaani 1280 kwa 1000. Zote mbili zinarefusha pikseli mara 1.25 badala ya 1.2, kosa la asilimia 4 tu.

Asiyetaka pembezoni nyeusi atumie kichujio kinachokuza kwanza kwa namba kamili, kisha kulainisha kidogo hadi kimo cha kioo. Ukungu unabaki kwenye uzi mwembamba wa mpaka kati ya pikseli mbili, na kwenye 4K uzi huo ni kigae kimoja. Hii ndiyo njia inayostahili kupendekezwa kwa wengi, ingawa haina jina la kuvutia.

Kwenye DOSBox ya kawaida, programu inayoendesha magemu ya DOS kwenye kompyuta za leo, mambo yanakaa hivi: fullresolution=desktop, output=openglnb, aspect=true, scaler=none. Lile nb la mwisho linazuia kadi ya michoro isitie ukungu. Ukiacha output=surface halafu ukawasha aspect, programu itanyoosha kwa kurudia baadhi ya mistari, na utaona mistari ya unene wa 2 na ya 3 ikichanganyika; wengi huiona hiyo wakazima aspect, wakati aliyestahili kubadilishwa ni surface. ScummVM, programu nyingine ya kuendesha magemu ya zamani, nayo ina kisanduku cha kurekebisha uwiano, mbali na namna ya kukuza. Ni mambo mawili, ndiyo maana yana vitufe viwili.

Tahadhari na kitufe cha ukuzaji wa namba kamili kilichomo kwenye draiva za kadi za michoro. NVIDIA, Intel na AMD wote walikileta mwaka 2019, na kinafanya kile hasa kinachosema: kinazidisha pande zote mbili kwa namba moja. Hakijui kwamba 640 kwa 400 iliyokuja kwake ilitakiwa kusimama. Kwa gemu la Windows la 640 kwa 480 hakina dosari, kwa sababu hilo ni 4 kwa 3 tayari: mara 3 inajaza kimo cha 1440, na kwenye 4K mara 4 inatoa 2560 kwa 1920. Lakini gemu lazima liombe resolusheni hiyo lenyewe likiwa limeshika skrini nzima. Likiwa ndani ya dirisha, draiva haioni cha kukuza. Na dirisha likionekana lina ukungu, huenda ni Windows yenyewe inayolivuta kwa asilimia 150. Bofya faili la gemu kwa kitufe cha kulia, ingia kwenye sifa zake, kichupo cha utangamano, kisha mipangilio ya DPI ya juu, na uikabidhi kazi hiyo kwa programu yenyewe. Dirisha litanywea. Ndio ukubwa wake halisi.

Si magemu yote ya DOS yanayohitaji kunyooshwa. Yaliyotumia 320 kwa 240 yana pikseli za mraba, na kwenye 4K yanakua mara 9 bila baki. Mengine ya 320 kwa 200 yalihamishwa kutoka mashine nyingine bila kuchorwa upya. Kupima ni rahisi: zima marekebisho, piga picha ya skrini, tafuta kitu cha duara, mwezi au gurudumu, ugawanye upana kwa kimo. Ikitoka karibu na 1.2, mchoraji alihesabia chogo. Ikitoka 1, hakuhesabia; ila kumbuka kwamba hata hivyo mchezaji wa wakati ule aliuona mwezi huo umerefuka, kwa hiyo kuunyoosha ni kumwonyesha alichokiona, na kuuacha ni kumwonyesha alichokusudia mchoraji. Chagua.

Kwa hiyo unapomwelekeza mtu, anza na uwiano: arudishe picha kwenye 4 kwa 3 kwanza. Baada ya hapo, kama kioo chake ni cha 1080, atafute namba kamili ya wima na nyingine ya ulalo. Kama ni cha 4K, anaweza kuliacha hilo. Na kama "ukuzaji kamili" limeshakukaa ulimini, si neno. Chomeka tu "wa namba" hapo katikati.