Gemu ya mazombi kwenye konsoli dhaifu: punguza pikseli kabla ya kugusa umati

Ukikabidhiwa gemu ya mazombi uihamishie kwenye konsoli yenye nguvu ndogo, kila mtu atakuuliza kama picha itabaki nzuri. Mimi huanza na swali jingine: mchezaji akigeuka nyuma, atawakuta wangapi? Picha ikififia kidogo, macho huzoea baada ya dakika chache. Umati ukipungua, mchezaji amepewa gemu nyingine.

Mfano ninaoupenda kuuchambua ni Dead Rising. Capcom waliitoa mwaka 2006 kwa Xbox 360, na uhondo wake wote ulikuwa kwenye wingi: jengo kubwa la maduka, mazombi mamia kwenye skrini moja, nawe kazi yako si kuwamaliza bali kupenya katikati yao. Mwaka 2009 ikafika kwenye Wii kwa jina la Dead Rising: Chop Till You Drop, safari hii ikitumia injini, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, ya Resident Evil 4. Linganisha mashine zenyewe. Xbox 360 ina prosesa ya viini vitatu vya GHz 3.2 na kumbukumbu ya MB 512. Wii ina kiini kimoja cha MHz 729 na kumbukumbu ya MB 88, nayo imegawanywa mafungu mawili. Umati ukashuka hadi karibu mia moja. Kamera ya Frank West, mhusika mkuu ambaye ni mpiga picha wa habari, ikaondolewa kabisa, na mchezaji akawekwa nyuma ya bega ili alenge shabaha. Siwalaumu walioifanya kazi hiyo, maana kwa mashine ile mamia yasingebebeka. Lakini kilichotoka ni gemu ya kulenga na kufyatua, ilhali ya kwanza ilikuwa gemu ya kupenya.

Wengi hudhani mzigo wa umati uko kwenye kuuchora. Kabla zombi hajachorwa, ameshakula muda wa prosesa: ameamua aelekee wapi, ametafuta njia, amepimwa asipenye ukuta wala mwenzake, na mifupa ya mwili wake imekokotolewa mmoja mmoja ili atembee. Gemu ikienda fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30 kila sekunde, una milisekunde 33 kwa kila kitu; ikienda 60, huna hata 17. Tuseme ukishatoa sauti, fizikia na mengineyo unabakiwa na milisekunde 8 za mazombi 200. Kila mmoja ana mikrosekunde 40. Hapo ndipo kazi ilipo, na ndiyo maana kupunguza ukali wa picha (idadi ya pikseli) peke yake hakusaidii gemu iliyokwama kwenye prosesa. Pima kwanza ujue ni chipu ipi, prosesa au ile ya michoro, inayomsubiri mwenzake.

Bahati nzuri, zombi ni kiumbe anayetusamehe. Askari akichelewa robo sekunde kukuona, mchezaji atasema gemu mbovu. Zombi akichelewa robo sekunde, ndivyo mazombi walivyo. Kwa hiyo walio karibu nawapa nafasi ya kufikiri kila fremu, na walio mbali nawagawa kwa zamu: kundi hili fremu hii, kundi lile fremu ijayo. Kwenye kutafuta njia huwa naenda mbali zaidi. Badala ya kila zombi kutafuta njia yake, nakokotoa ramani moja ya mielekeo inayoanzia alipo mchezaji na kusambaa sakafu nzima. Zombi husoma tu mshale wa mraba alioukanyaga na kuufuata, kama maji yanavyofuata mteremko. Gharama ya ramani hiyo inategemea ukubwa wa eneo, si idadi ya mazombi. Ukiongeza hamsini wengine, prosesa haishtuki sana.

Miili nayo naipanga kwa umbali. Wa karibu ana mifupa yote, vidole na taya. Wa kati anabaki na mifupa ya viungo vikubwa tu. Wa mbali hana mifupa kabisa: mwendo wake umeandikwa mapema ndani ya teksicha (picha ambayo kwa kawaida huvikwa juu ya umbo), na chipu ya michoro inausoma yenyewe bila kuisumbua prosesa. Wa mbali zaidi ni picha bapa inayomgeukia mchezaji. Ugumu uko kwenye mpaka kati ya ngazi na ngazi, kwa sababu jicho hunasa badiliko la ghafla upesi kuliko linavyonasa upungufu. Ukimbadilisha zombi akiwa amefichwa na nguzo au na wenzake, hakuna atakayejua. Umati unajificha wenyewe kwa wenyewe, na hilo ni zawadi.

Usiogope pia kurudia miili. Sura chache, nguo zikibadilishwa rangi, na kila mmoja akianza mwendo wake kwa wakati tofauti, zinatosha kujaza uwanja. Kinachofichua udanganyifu ni mazombi wawili wanaoinua mguu pamoja.

Baada ya hapo ndipo naigusa picha, na hapo nakata bila huruma. Vivuli halisi vinabaki kwa walio hatua chache tu kutoka kwa mchezaji, wengine wanapata doa jeusi miguuni. Ukali wa picha unashuka wenyewe umati unapozidi na kupanda unapopungua. Moshi, vumbi na damu inayoruka ni adui wa siri, kwa sababu kila tabaka lenye uwazi hulazimisha pikseli zilezile zisomwe na kuandikwa upya. Kwenye Nintendo Switch hilo linauma: kumbukumbu yake ni GB 4 na husafirisha GB 25.6 kwa sekunde, wakati PS4 ina GB 8 na kasi ya GB 176. Anayehamisha gemu kutoka kizazi hicho, kama Techland walivyoifikisha Dying Light ya mwaka 2015 kwenye Switch mwaka 2021, anavuka pengo la karibu mara saba upande huo peke yake. Mimi huchora moshi kwa robo ya pikseli kisha nikaukuza. Moshi hauna kingo za kuharibika.

Nawaheshimu sana walioamua mapema kisichoguswa. Resident Evil 2 ya PlayStation ilijaza CD mbili; Angel Studios waliibana mwaka 1999 ikaingia katika katriji ya MB 64 ya Nintendo 64, video zake zikiwemo. Video zilififia, hadithi ikabaki nzima. Na Resident Evil 4 ilipotoka GameCube kwenda PS2 mwaka 2005, matukio ya kusimulia yaliyokuwa yakichorwa papo hapo yaligeuzwa kuwa video zilizorekodiwa. Leon, mhusika mkuu, akivaa nguo nyingine, kwenye video hizo bado anaonekana na zilezile za kawaida. Ni hasara, lakini imewekwa mahali ambapo mchezaji hashiki usukani.

Maiti husahaulika mara nyingi. Zombi aliyeuawa anaendelea kukalia kumbukumbu, na mapigano marefu yanaweza kuacha sakafu imejaa. Nikimfuta mbele ya macho ya mchezaji, nimemnyang'anya ushahidi wa kazi yake. Namfuta akiwa nyuma ya kamera, na wale wa kwenye mlango alioupigania nawaacha hadi mwisho.

Majaribio nayafanya mahali pabaya kuliko pote: chumba kilichojaa zaidi, mlipuko, moto na moshi kwa pamoja, konsoli ikiwa imeshapata joto. Kwa Switch, inayochezwa mkononi au kwenye kituo kilichounganishwa na TV, hufanywa ikiwa mkononi, maana huko chipu ya michoro hushushwa chini sana ya MHz 768 inazopata ikiwa kwenye kituo chake. Fremu zikishikilia hapo, naongeza mazombi kumi na kuanza upya.