Kisu cha kukunja huanzia mgongoni

Kila anayeingia karakana yangu hapa Tanga na kukuta visu mezani hufanya jambo lilelile: anakunjua kimoja, anapitisha kidole gumba kwenye makali, kisha anauliza bapa limetokana na chuma gani. Ni swali zuri na nitalijibu. Lakini nikipewa kisu cha fundi mwenzangu nikikague, mimi sianzi na bapa. Nakikunjua taratibu karibu na sikio, halafu nageuza nitazame mgongo. Kisu kilichotengenezwa sawasawa hulia mara mbili kinapofunguka, tak nusu ya njia na tak mwishoni, na milio yote miwili ina uzito mmoja. Na mgongoni, pale bapa linapokutana na springi, ukipitisha ukucha haukwami.

Ninachozungumzia ni kisu cha mtindo wa zamani kisicho na kufuli. Ndani yake hamna vitu vingi: bapa, springi ya mgongoni, vibati viwili vya shaba ya njano, vipande viwili vya mpini na pini tatu. Pini ya mbele ni ekseli ya bapa. Mbili zilizobaki zinaishika springi, moja katikati na moja nyuma, na ncha ya mbele ya springi imeachwa huru ili ikandamize kitako cha bapa. Nguvu yote inayolizuia bapa lisikufungie vidole inatoka kwenye ncha hiyo.

Wapo waliopita njia nyingine. Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890, haina springi. Bapa hubanwa na msuguano wa mpini wa mbao, na pete ya chuma ya kulifunga ilikuja kuongezwa mwaka 1955. Okapi, ambayo wazee wengi wanaikumbuka, ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili iuzwe kwenye makoloni yake ya Afrika, na Tanzania Bara ya leo ilikuwa mojawapo. Siku hizi inatengenezwa Afrika Kusini. Babu yangu alikuwa na Okapi. Bapa lilikuwa jeusi, limeliwa na kinoo hadi likabaki jembamba kama jani la mnazi, na bado lilikuwa linamenya chungwa kwa mkanda mmoja usiokatika. Mapenzi yangu kwa chuma cha kaboni yalianzia hapo.

Chuma cha bapa nakipata kwenye tupa kuukuu. Tupa nzuri ina kaboni takriban asilimia 1, pengine zaidi kidogo, na kaboni hiyo ndiyo inayokifanya chuma kikubali kuwa kigumu. Si kila tupa inafaa. Nyingine ni chuma laini kilichotiwa ugumu kwenye ngozi tu, ukishakwangua meno umebaki na msumari. Kwa hiyo nakata kipande cha ncha, nakipasha hadi kiwe chekundu, nakitosa kwenye maji, kisha nakibana kwenye jiliwa na kukigonga. Kikikatika kama kigae, na ndani kikaonyesha chembe laini za kijivu, tupa hiyo naichukua. Kikipinda, inarudi kwenye vyuma chakavu.

Springi naikata kwenye mabamba yanayobeba mwili wa lori. Yana kaboni kama asilimia 0.6, na yameumbwa kwa kazi hiyohiyo ya kupinda na kurudi. Ni manene, kwa hiyo lazima yafuliwe kwanza yakiwa mekundu hadi yakaribie milimita 3.

Wateja huuliza kwa nini situmii chuma kisichoshika kutu, hasa huku pwani. Chuma hicho kinadai joto la zaidi ya digrii 1,000, kikae hapo kwa muda uliopimwa, tena kikingwe na hewa. Moto wangu wa makaa na mvukuto hauwezi kazi hiyo kwa uhakika, na sitaki kumuuzia mtu bapa ambalo silijui limeiva au halikuiva. Chuma cha kaboni kinanionyesha kwa macho kimefika wapi. Na mwenye nacho atakinoa nyumbani kwa jiwe la kawaida.

Kabla ya kugusa chuma nachora kisu chote kwenye boksi gumu, nakata bapa na springi, nazibana kwenye ubao kwa pini za ofisini, halafu nafungua na kufunga. Boksi linakwambia mapema kama ncha ya bapa itachungulia nje kisu kikifungwa. Ukilipuuza, utakuja kuambiwa na chuma, na chuma hakina kifutio.

Tupa nimeilainisha kwa kuipasha na kuizika kwenye debe la majivu makavu hadi kesho yake. Matundu yote natoboa wakati huu chuma kingali laini, ya pini kwa keekee ya milimita 3, na kila mdomo wa tundu naupunguza ukali kidogo pande zote mbili. Nitaeleza kwa nini.

Sasa kitako cha bapa. Hapa ndipo siku mbili zinapoishia, na ndipo nisipotaka kuharakishwa. Kitako kina nyuso tatu ambazo springi inakalia: juu kisu kikiwa wazi, nyuma kikiwa nusu, chini kikiwa kimefungwa. Umbali kutoka katikati ya tundu la pini hadi kila uso lazima uwe mmoja. Ukizidi upande mmoja, springi itainuka juu ya mgongo kisu kikiwa katika mkao huo, ukipungua, itazama. Pembe kati ya uso na uso ndizo zinazoisukuma springi juu bapa linapozunguka, na inaposhuka upande wa pili ndipo unasikia ile tak. Pembe kali mno hufanya kisu kikate mwendo kwa ghafla na kuichubua springi. Pembe ya mviringo mno inakipa kisu usingizi, kinafunguka bila kusema kitu. Mimi nazivunja kwa mipigo michache ya tupa ndogo, kisha msasa.

Kupima nimejitengenezea kibao kigumu chenye pini tatu zilizosimama mahali palepale zitakapokuwa kwenye kisu, na juu yake kipimo cha mshale kinachosoma hata sehemu moja ya mia ya milimita. Naanza na mkao wa wazi, mpaka springi na mgongo wa bapa viwe sawa. Mkao wa kufungwa unafuata, kisha ule wa nusu. Napiga tupa mara mbili, narudisha kwenye kibao, nasoma, natoa. Mara mbili tena. Napenda sana saa hizi za jioni, mtaa umetulia, mshale ukikaribia sifuri kidogo kidogo.

Springi yenyewe haikai imelegea. Ikiwa imeshikwa na pini zake mbili tu, bapa halijawekwa, ncha yake inatakiwa ishuke chini ya mahali pake kwa kama milimita 1.5. Bapa linapoingia linailazimisha kupanda, na huko kulazimishwa ndiko nguvu ya kisu. Ukiacha milimita 3, mwenye kisu atavunja kucha akikifungua. Ukiacha nusu milimita, bapa litaning'inia mfukoni kama mlango uliokatika bawaba.

Kuna kinundu kimoja kidogo chini ya bapa, pale makali yanapoanza, ambacho anayejifunza hukidharau. Kisu kikifungwa, kinundu hicho ndicho kinachotua juu ya springi, ili makali yenyewe yasiiguse. Kikiwa kirefu, ncha ya bapa inabaki juu na itatoboa mfuko. Kikiwa kifupi, makali yanapiga chuma kila unapofunga, na baada ya wiki utakuta pengo. Nakiacha kirefu kwa makusudi hadi siku ya mwisho kabisa, kisha nakipunguza kwa msasa, si kwa tupa.

Kutia ugumu nafanya jua likishazama, kwa sababu mchana rangi ya chuma inakudanganya. Naweka mafuta ya alizeti kwenye kopo refu na kuyapasha hadi yafike kama digrii 50 au 60. Ya moto kiasi hicho ni mepesi na hushika chuma haraka kuliko ya baridi. Maji siyatumii kwa bapa jembamba, yanapasua. Bapa naliingiza kwenye makaa mgongo ukiwa chini na kulivuta mbele na nyuma ili ncha isitangulie kuiva. Linapita wekundu wa matofali, linafika wekundu wa pilipili iliyoiva. Hapo nalisogeza kwenye sumaku niliyoifunga kwenye mti wa meza. Kama linavutwa, nalirudisha. Chuma hupoteza mvuto kwenye digrii 770 hivi. Sumaku ikikataa, naongeza joto kidogo tu, rangi ielekee chungwa kwa mbali, nahesabu pumzi chache, kisha nalizamisha wima, ncha kwanza, bila kuyumba. Mafuta yanalia, moshi unapanda, na mkono hautakiwi kutikisika kushoto wala kulia, maana bapa hupinda upande unaopoa upesi. Likitoka nalijaribu kwa tupa. Tupa inateleza kama juu ya kioo. Hapo nimepata ugumu, lakini nimepata pia kitu kinachoweza kuvunjika kikianguka sakafuni.

Kwa hiyo ugumu unalegezwa, na hapa bapa na springi vinaachana njia. Bapa linakaa kwenye oveni digrii 200 kwa saa mbili, linapoa, linarudi saa mbili nyingine. Likiwa limesafishwa vizuri utaliona likishika rangi ya mabua makavu. Springi inahitaji joto zaidi. Naing'arisha, naiweka juu ya mchanga ndani ya sufuria kuukuu, na kuangalia rangi zikitembea juu yake: njano, kahawia, zambarau, na mwisho bluu. Bluu ikitulia kotekote, karibu digrii 300 na kidogo, naitoa.

Nilijifunza tofauti hii kwa kisu changu cha nne. Nilikuwa nimechoka, nikaweka bapa na springi kwenye oveni moja na kuvitoa pamoja. Kisu kilikuwa kizuri. Nikakifunga, nikakifungua, na mara ya tatu kikalia mlio mwingine, mfupi na mkavu, na bapa likalegea mkononi. Springi ilikuwa imekatika kwenye tundu la katikati. Nilipotazama kwa lenzi, chembe zilikuwa laini, kwa hiyo joto la kwanza halikuwa na kosa. Ufa ulianzia kwenye mdomo wa tundu, nilikouacha mkali kama keekee ilivyoutoa. Makosa mawili yalikutana mahali pamoja. Kipande hicho kimepigiliwa ukutani juu ya oveni hadi leo.

Makali nayashusha baada ya hapo, bapa likiwa gumu tayari, kwa mkanda wa msasa na ndoo ya maji pembeni. Nafanya kazi bila glavu. Vidole vikiungua, bapa nalo limeungua, na doa la bluu likitokea kwenye makali basi sehemu hiyo imeshalegea na haitakaa na ukali.

Mpini wangu ni mpingo, masalia ninayonunua kwa wachongaji. Ni mti mzito, ukiutupa majini unazama, na ndio unaotengenezewa filimbi za klarineti huko Ulaya. Una mafuta ya asili, kwa hiyo kabla ya gundi naufuta kwa spiriti, la sivyo utabanduka. Keekee nayo iende taratibu, joto linaupasua. Vumbi lake lina madhara kwa mapafu na ngozi. Vaa barakoa hata kama unapiga msasa dakika tano. Na anayetaka kuuza nje ya nchi ajue kwamba jamii nzima ya mti huu imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 2017, hivyo aulize habari za kibali kabla ya kufunga mzigo.

Kugonga pini ya ekseli ni kazi ya dakika kumi ambayo inaweza kuharibu wiki nzima. Nakata karatasi nyembamba kwa umbo la U, naipaka mafuta na kuipachika kati ya bapa na kibati, kila upande. Kisha nagonga kichwa cha pini kwa nyundo ndogo ya mviringo, mapigo mengi mepesi kuzunguka ukingo, nageuza kisu, nagonga upande wa pili. Baada ya mapigo machache nafungua na kufunga. Bapa likiacha kuyumba kushoto na kulia, nasimama, navuta karatasi zitoke, na ule unene zilioacha ndio nafasi ya bapa kupumua.

Kisha kinoo, digrii 15 hivi kila upande, na kumalizia kwenye ngozi. Tone la mafuta kwenye kiungo.

Ninayemkabidhi namwambia hivi: utakapokata embe mara ya kwanza bapa litageuka kijivu na bluu, usishtuke wala usilisugue. Rangi hiyo ni ngozi yake mpya na inazuia ile kutu nyekundu. Ukikata limau au kitunguu, suuza na ukaushe hapohapo, usikikunje kikiwa na maji. Huku kwetu, ambako hewa yenyewe ina chumvi, paka mafuta ya nazi kwa kitambaa kila unapokiweka kwa siku nyingi. Springi ikianza kukwaruza kuna mchanga ndani. Kioshe, kikauke, tone jingine la mafuta, fungua na funga mara kumi, futa.

Kisha nampa akifungue mwenyewe, karibu na sikio.